Usomaji wa vinasaba: Herufi moja inayotikisa dawa mseto ya malaria

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 2021 watafiti walioongozwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) walikusanya matone ya damu ya watu wenye vimelea vya malaria kutoka mikoa mbalimbali ya Tanzania Bara. Damu hiyo haikuhitaji chupa wala jokofu. Ilidondoshwa juu ya vipande vya karatasi ya kuchujia, ikaachwa ikauke, ikafungwa katika vifuko vya plastiki vyenye punje za kunyonya unyevu, kisha ikasafirishwa mithili ya barua.

Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2024 katika jarida la kitabibu la Lancet Microbe, na hayakuwa ya kufurahisha. Katika Mkoa wa Kagera, asilimia 7.7 ya sampuli zilikuwa na vimelea vilivyobadilika herufi moja tu katika vinasaba vyao. Wilayani Karagwe kiwango hicho kilivuka asilimia 20. Kyerwa nako kilikuwa juu. Ngara, ambayo nayo imepakana na Rwanda, kilikuwa chini ya asilimia 2, na nje ya Kagera badiliko hilo lilikuwa nadra mno.

Herufi moja ina uzito gani hata wataalamu wa nchi kadhaa wakose usingizi? Na inaonekanaje, ikiwa kimelea chenyewe hakionekani ila kwa hadubini? Maswali hayo mawili ndiyo yanayotupeleka katika elimu ambayo vijana wengi wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki wanaikimbilia hivi sasa: elimu ya kusoma mfuatano wa DNA na RNA.

Tuanze na herufi yenyewe. DNA ni uzi mrefu uliosokotwa kwa aina nne za kemikali, ambazo wataalamu huziwakilisha kwa herufi A, C, G na T. Mpangilio wa herufi hizo ndio maagizo ya kutengeneza mwili, uwe wa binadamu, wa mbu au wa kimelea. Herufi husomwa tatu tatu, na kila kundi la tatu huagiza asidi amino moja, ambayo ni kama tofali moja katika ukuta wa protini.

Kimelea cha malaria aina ya Plasmodium falciparum kina herufi zipatazo milioni 23, zilizogawanyika katika kromosomu 14. Kitabu kinene cha kurasa 500 huwa na herufi zinazokaribia milioni moja, kwa hiyo chukulia kwamba kila kimelea kinabeba rafu yenye vitabu 23 vya namna hiyo. Ndani ya rafu hiyo, katika kromosomu ya 13, ipo jeni iitwayo kelch13. Katika tofali la 561 la protini inayotokana na jeni hiyo, herufi G imegeuka A, na kwa kugeuka huko asidi amino iitwayo arginini imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na histidini. Badiliko hilo wataalamu wanaliita R561H.

Ni hilo tu. Lakini kimelea kilichobeba badiliko hilo kinapokuwa bado kichanga huweza kustahimili saa chache za ukali wa artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa mseto. Kwa kawaida artemisinini hufagia vimelea kwa kasi katika siku tatu za mwanzo, halafu dawa mwenza, kwa mfano lumefantrini iliyomo ndani ya ALu, humalizia masalia. Artemisinini ikilegea, mzigo wote unamwangukia mwenzake.

Wasomaji wenye umri watakumbuka klorokwini na jinsi ilivyokuwa ikiwasha mwili mzima. Dalili za kwanza za usugu wa klorokwini katika Afrika Mashariki ziliripotiwa mwaka 1978. Tanzania iliiacha kama tiba ya kwanza mwaka 2001, ikahamia SP, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia katika dawa mseto. Hesabu miaka kati ya 1978 na 2001. Jeni ya kimelea inayobeba usugu wa klorokwini ilibainishwa mwaka 2000, na mwaka uliofuata Abdoulaye Djimdé na wenzake wakaonyesha kwa wagonjwa wa Mali kwamba badiliko katika jeni hiyo linaambatana na kushindwa kwa tiba. Yaani kwa zaidi ya miongo miwili madaktari walikuwa wakipambana na adui asiye na sura, na walimfahamu kwa makaburi ya watoto. Sura ilipopatikana, dawa ilikuwa imekwisha kupoteza nguvu.

Safari hii sura imeonekana mapema. Jeni ya kelch13 ilihusishwa na usugu wa artemisinini mwaka 2014, kutokana na utafiti wa vimelea vya Kambodia. Mwaka 2020 watafiti wakatangaza kwamba R561H imeota mizizi Rwanda. Mabadiliko mengine ya jeni hiyo hiyo yakaripotiwa kaskazini mwa Uganda mwaka 2021, na mengine yamethibitishwa Eritrea. Haya yote yamejulikana kwa sababu moja: kuna watu waliojifunza kusoma.

Kutoka jeli hadi picha

Njia iliyofungua mlango ni ya Mwingereza Frederick Sanger, aliyeitangaza mwaka 1977 akiwa Cambridge. Uzuri wake ni kwamba haikuvumbua chombo cha ajabu, bali iliiba mbinu ya maumbile yenyewe. Seli inapojigawa, kimeng'enya maalumu hutembea juu ya uzi wa zamani wa DNA na kuunga uzi mpya herufi kwa herufi, A ikioana na T, na C ikioana na G. Sanger alikiacha kimeng'enya kifanye kazi yake ndani ya mrija, ila akachanganya na herufi za kawaida herufi chache za bandia, zilizokosa kishikizo cha kuungia herufi inayofuata. Kimeng'enya kikiokota herufi ya bandia, uzi unakomea hapo.

Kwa kuwa ndani ya mrija kuna nyuzi nyingi mno zinazounganishwa kwa wakati mmoja, nyingine hukomea mapema, nyingine baadaye, na mwishowe hupatikana nyuzi za kila urefu, kila moja ikiishia na herufi inayojulikana. Zikipitishwa katika jeli kwa nguvu ya umeme, zilizo fupi hukimbia mbele na ndefu hujikokota nyuma. Kinachobaki ni kusoma kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayepanda ngazi. Kwa njia hiyo Sanger na wenzake walisoma maagizo yote ya virusi vidogo vinavyoshambulia bakteria, vyenye herufi zaidi ya 5,300. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1980 pamoja na Walter Gilbert na Paul Berg. Ilikuwa ni ya pili kwake, kwani ya kwanza aliipata mwaka 1958 kwa kusoma mpangilio wa insulini.

Miaka ya 1980 rangi nne zinazong'aa zilichukua nafasi ya mionzi, kompyuta ikaanza kusoma badala ya jicho, na ndipo dunia ikapata ujasiri wa kuanza mradi wa kusoma vinasaba vya binadamu. Mradi huo ulianza mwaka 1990, ukatangazwa kukamilika mwaka 2003, na gharama yake ilikadiriwa kuwa dola za Marekani bilioni 3. Kusema kweli haukuwa umekamilika. Karibu asilimia 8 ya herufi, zile za sehemu zinazojirudia rudia, zilisubiri hadi mwaka 2022. Kimelea cha malaria na mbu aina ya Anopheles gambiae anayekibeba vilisomwa kwa mara ya kwanza mwaka 2002.

Njia ya Sanger ingali hai. Maabara nyingi huitumia kuhakiki jeni moja, na mwanafunzi anayeianza kazi hii hupewa hiyo kwanza, kwa sababu makosa yake yanaonekana kwa macho. Udhaifu wake ni kwamba husoma kipande kimoja kwa wakati mmoja, chenye herufi mia saba au mia nane hivi. Kwa rafu ya vitabu 23, na sampuli maelfu, mtu atazeeka kabla hajamaliza.

Ndipo ikaja njia ya pili. Ili kuielewa, mfikirie muuza karanga. Amenunua nakala 100 za gazeti la jana, zote za toleo moja, na kuzichana ovyo ili afungie karanga zake. Kila kifungio kina maneno machache tu. Lakini ukivikusanya vifungio vyote, utagundua kwamba mwisho wa kimoja unafanana na mwanzo wa kingine, maana nakala zilichanwa katika sehemu tofauti. Kwa uvumilivu utalijenga upya gazeti zima. Na endapo unalo toleo la juzi lenye ukurasa unaofanana, kazi inakuwa nyepesi zaidi: unakiweka kila kifungio mahali pake na kutazama ni wapi neno limebadilika.

Mashine za kisasa hufanya hivyo hivyo. DNA hukatwakatwa vipande vifupi, vipande hivyo hubandikwa juu ya kioo, kila kimoja kikatolewa nakala nyingi zilizosongamana mahali pamoja, kisha herufi zenye rangi humwagwa juu yake. Kila uzi huunga herufi moja tu na kusimama, kwa sababu herufi hizo zina kizibo. Kamera hupiga picha ya kioo kizima. Kizibo huondolewa, herufi nyingine huunga, picha nyingine hupigwa. Kamera moja inasoma mamilioni ya vipande kwa mpigo mmoja. Wazo hilo lilibuniwa Cambridge na Shankar Balasubramanian na David Klenerman katika miaka ya 1990, likazaa kampuni ya Solexa, ambayo ilinunuliwa na Illumina ya Marekani mwaka 2007. Ni kwa sababu ya mashine za aina hii kwamba kusoma vinasaba vya mtu mmoja sasa kunagharimu chini ya dola 1,000.

Hapa mwanafunzi hufundishwa kutilia shaka. Mashine hukadiria uhakika wa kila herufi inayoitaja, na kiwango kinachohesabiwa kuwa kizuri ni kosa moja katika herufi elfu moja. Inasikika vizuri, hadi ufanye hesabu: herufi milioni 23 zikisomwa mara moja tu kwa kiwango hicho zitakuwa na makosa 23,000. Katika utitiri huo wa makosa, badiliko la kweli la herufi moja litatambulikaje? Kwa kurudi kwa muuza karanga. Neno likikosewa katika kifungio kimoja, vifungio vingine 49 vyenye sehemu hiyo hiyo vitalikosoa. Ndiyo maana kila herufi husomwa mara 30, mara 50, wakati mwingine mara mia kadhaa, kabla mtafiti hajathubutu kusema jambo.

Tatizo la damu ya mgonjwa ni jingine, na pengine ndilo gumu zaidi. Tone lile lililokauka juu ya karatasi lina vimelea, lakini lina pia seli nyeupe za mgonjwa mwenyewe. Seli moja nyeupe ina DNA zaidi ya mara 250 ya ile ya kimelea kimoja. Ni sawa na muuza karanga aliyechanganya gazeti letu na shehena nzima ya magazeti ya mwaka uliopita. Ukisoma kila kitu, fedha zako zinaishia kumsoma binadamu ambaye hukumkusudia, na ambaye hukumwomba ruhusa ya kusoma vinasaba vyake. Kwa hiyo maabara hutumia vinasa vidogo vilivyotengenezwa kushika sehemu zinazotakiwa tu, kelch13 ikiwamo, na kuzizalisha nakala kabla ya kusoma. Utafiti wa Kagera ulifanywa kwa njia ya namna hiyo, kwa ushirikiano wa NIMR na vyuo vikuu vya Brown na North Carolina vya Marekani.

Tundu, na uzi unaopita

Njia ya tatu haitumii picha wala herufi za rangi. Utando mwembamba hutobolewa matundu madogo kiasi kwamba uzi mmoja tu wa DNA unaweza kupenya, na mkondo wa umeme hupitishwa humo. Kila kundi la herufi linapopita huuzuia mkondo kwa kiasi chake, na kompyuta hutafsiri kupanda na kushuka huko kuwa herufi. Faida yake ni vipande virefu, vya maelfu na hata mamia ya maelfu ya herufi. Hasara yake ilikuwa makosa mengi, ingawa yamepungua sana.

Kifaa cha kampuni ya Oxford Nanopore kiitwacho MinION kina uzito usiozidi gramu 100 na huchomekwa kwenye kompyuta ya mkononi. Mwaka 2015, wakati wa ebola ya Afrika Magharibi, watafiti walikibeba hadi Guinea pamoja na vifaa vingine katika mizigo ya kawaida ya abiria, wakasoma virusi kutoka sampuli 142. Majibu yaliweza kupatikana ndani ya saa 24 tangu sampuli kupokelewa. Mwaka uliofuata kifaa hicho kilitumika angani, katika kituo cha kimataifa kinachozunguka dunia. Lakini kwa mtazamo wa mwandishi huyu, Guinea ilikuwa mtihani mgumu kuliko angani, maana angani umeme haukatiki.

Ebola inatuleta kwenye RNA. Virusi vingi vinavyotusumbua, kama vile ebola, VVU, surua na vya Uviko-19, haviandikwi kwa DNA bali kwa RNA, ambayo ni ndugu yake mwenye uzi mmoja na maisha mafupi. Hata ndani ya seli zetu, jeni inapotakiwa kufanya kazi hunakiliwa kwanza katika RNA, na nakala hiyo ndiyo inayopelekwa kiwandani. Hivyo kusoma DNA ni kujua kilichoandikwa katika vitabu vyote vya maktaba. Kusoma RNA ni kujua ni vitabu vipi vimeazimwa leo, na mara ngapi.

Kwa muda mrefu mashine zilisoma DNA tu, kwa hiyo RNA hugeuzwa DNA kwanza. Hilo linawezekana kutokana na kimeng'enya kilichogunduliwa mwaka 1970 na Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwa njia yake, ndani ya virusi. Matundu ya umeme sasa yanaweza kusoma RNA moja kwa moja, bila kugeuza.

Mwulize mwanafunzi yeyote wa maabara ni somo gani lililomtoa machozi, kuna uwezekano mkubwa atakutajia RNA. Vidole vyetu, jasho, meza, hata vumbi, vimejaa vimeng'enya vinavyoila RNA, na havifi kirahisi kwa kuchemshwa. Sampuli iliyokaa nje ya barafu kwa muda mfupi huweza kufika mwisho wa safari ikiwa imesagika, na mashine, ambayo haijui huruma, itasoma masalio hayo na kutoa majibu yanayoonekana mazuri. Mtu asiyejua atachapisha uongo kwa nia njema.

Uviko-19 ndio uliowafanya watu wa kawaida waijue kazi hii. Mfuatano wa virusi hivyo, wenye herufi karibu 30,000, uliwekwa hadharani Januari 2020, na Machi 16 mwaka huo huo mtu wa kwanza alidungwa chanjo ya majaribio nchini Marekani, iliyobuniwa kutokana na herufi hizo. Novemba 2021 wataalamu wa Botswana na Afrika Kusini ndio walioitambulisha dunia kwa aina ya Omikroni. Shukrani waliyopewa inajulikana: nchi kadhaa tajiri ziliwafungia safari za ndege. Ni vigumu kumshawishi waziri wa fedha agharamie usomaji wa virusi ikiwa anayesoma vizuri ndiye anayeadhibiwa.

Mfano wa karibu zaidi nasi ni Kamituga, mji wa wachimba dhahabu katika Kivu Kusini. Mlipuko wa homa ya nyani, ambayo siku hizi huitwa mpox, ulioanza huko mwaka 2023 ungeweza kuchukuliwa kuwa ni ule ule wa siku zote, unaotoka kwa wanyama wa msituni. Usomaji uliofanywa kwa kushirikisha taasisi ya taifa ya INRB ya Kinshasa ulionyesha vingine. DNA ya virusi hivyo ilikuwa imejaa mabadiliko ya aina moja, ambayo huachwa na kimeng'enya cha kinga ya binadamu kila virusi vinapopita mwilini mwa mtu. Yalikuwa kama mihuri katika pasi ya kusafiria: virusi vilikuwa vikitoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Agosti 14, 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatangaza hali ya dharura, iliyodumu hadi Septemba 2025.

Nani anasoma?

Kijana anayetaka kuingia katika fani hii hukuta mambo mawili yasiyofanana. Upande mmoja ni mikono: kupima kwa pipeti ujazo mdogo kuliko tone, kutoa DNA kutoka karatasi, kuandaa kile wanachokiita maktaba, yaani vipande vilivyofungwa ncha maalumu na alama ya kuvitambulisha ili sampuli mia kadhaa zisomwe pamoja bila kupotezana. Upande wa pili ni kompyuta, nao ndio unaowashinda wengi. Mashine huacha mafaili makubwa ya herufi na alama za ubora, na kazi ya kuyachuja, kuyapanga juu ya mfuatano wa mfano na kutafuta tofauti hufanywa kwa kuandika amri, si kwa kubofya picha. Mtu aliyesoma baiolojia hadi shahada ya kwanza bila kuandika hata programu moja hujikuta darasa la kwanza upya.

Fani hiyo ya pili, bioinfomatiki, ina habari njema. Haihitaji vitendanishi, ambavyo huagizwa ng'ambo kwa bei ghali na huisha muda wake vikiwa bandarini. Mwaka 2016 mtandao wa H3ABioNet, ulioongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, ulianza kufundisha somo la msingi kwa mpango wa madarasa yaliyotawanyika. Mihadhara ilirekodiwa, na wanafunzi zaidi ya 300 katika nchi 10 za Afrika walikusanyika katika vyumba vya vyuo vyao, wakiwa na msaidizi mmoja wa karibu wa kuwanyoosha. Intaneti ikikatika, kanda ilikuwa tayari mezani. Katika Afrika Mashariki, icipe ya Nairobi, Chuo Kikuu cha Pwani na Makerere vimekuwa vikitoa mafunzo ya shahada ya uzamili kwa ushirikiano. Mjini Moshi, taasisi ya utafiti ya KCRI imekuwa ikisoma bakteria sugu kwa dawa, na Kilifi nchini Kenya kituo cha KEMRI-Wellcome kilisoma virusi vya Uviko-19 vya Pwani tangu siku za mwanzo.

Data za kufanyia mazoezi zipo bure. Mwaka 2023 mtandao wa MalariaGEN ulitoa mifuatano ya vimelea kutoka sampuli zaidi ya 20,000 za nchi 33. Mwanafunzi wa Mwanza mwenye kompyuta ya kawaida na subira anaweza kuifungua kelch13 na kuitazama kama anavyoitazama mtafiti wa Oxford.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kujua kusoma kunatosha. Kati ya kukusanywa kwa damu ya mwaka 2021 na kuchapishwa kwa matokeo ilipita miaka mitatu. Sehemu ya muda huo ni uhakiki wa haki wa kisayansi, lakini kimelea hakisubiri uhakiki. Karatasi inayosomwa ndani ya nchi, na mtu aliyeajiriwa kuisoma, ina nafasi ya kutoa jibu wakati jibu lingali na faida kwa mganga mkuu wa wilaya. Mradi unapokwisha, mara nyingi mashine hubaki na mtu huondoka.

Usomaji umekwisha kujibu swali moja zito. Usugu wa klorokwini na wa SP ulipochunguzwa katika vinasaba, ilionekana kwamba sehemu kubwa ulisafiri kutoka Asia hadi Afrika. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba wa artemisinini nao umepanda ndege. Herufi zinazoizunguka kelch13 ya Rwanda zilipolinganishwa na za Asia, hazikufanana. R561H ilizaliwa hapa hapa. Maana yake ni kwamba kufunga mipaka kusingesaidia, na kwamba inaweza kuzaliwa tena mahali pengine penye dozi zisizomaliziwa na vidonge hafifu.

Swali la pili ni la mzazi aliyeko Karagwe: dawa mseto bado inamponya mwanangu? Mwaka 2022 watoto wenye malaria wilayani humo walitibiwa na kufuatiliwa kwa wiki kadhaa. Wengi kuliko kawaida walikuwa bado na vimelea siku ya tatu, ishara kwamba artemisinini inafanya kazi polepole. Lakini mwisho wa ufuatiliaji, dawa ziliponya zaidi ya asilimia 90. Hata takwimu hiyo isingepatikana bila vinasaba, kwani mtoto anayeugua tena baada ya wiki tatu huenda hakupona, au huenda ameumwa na mbu mwingine. Hujulikana kwa kulinganisha vimelea vya siku ya kwanza na vya siku ya kuugua tena: vikifanana, dawa imeshindwa, vikitofautiana, ni mbu.

Kwa sasa, basi, lumefantrini ndiyo inayoubeba mzigo. Na hapo ndipo wataalamu walipokwama, kwa sababu tofauti na artemisinini, haijapatikana alama ya vinasaba inayokubalika kimataifa kuwa ndiyo ya usugu wa lumefantrini. Hakuna anayejua ni herufi ipi ya kuitazama miongoni mwa milioni 23. Karatasi za damu zinaendelea kukusanywa na kuhifadhiwa katika bahasha zake kavu, ili siku herufi hiyo itakapojulikana, zitolewe na kusomwa upya.